Mgongo Unauma na Unalala Chali: Jinsi ya Kuchagua Ugumu wa Godoro na Topa

Ingia duka lolote la magodoro Kampala, useme mgongo unakusumbua, na muuzaji atakupeleka moja kwa moja kwenye godoro gumu kuliko yote. Limeandikwa "othopediki", bei yake iko juu, naye atalipiga konzi uone lilivyo kavu. Nyumbani nako wazee watakuambia ushuke kitandani ulale kwenye mkeka. Ushauri huu si wa kubuni. Kwa miaka mingi hata madaktari walikuwa wakiutoa. Ila ulipopimwa ulishindwa. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uhispania wa watu wazima 313 waliokuwa na maumivu sugu ya kiuno. Wengine walipewa magodoro magumu, wengine ya ugumu wa kati, na hakuna aliyeambiwa kapewa lipi. Baada ya siku 90, waliolalia la kati walikuwa na nafuu zaidi wakiwa kitandani na wakati wa kuamka, na mgongo uliwazuilia kazi kidogo kuliko wenzao.

Sasa "kati" ya nani? Godoro ambalo ni la kati kwa dada wa kilo 55 ni laini mno kwa askari wa kilo 95. Hapo ndipo penye kazi, na ndiyo sababu ya maelezo haya marefu. Lakini kabla ya hatua yoyote, shika jambo moja litakalokuokolea pesa: topa, yaani kigodoro chembamba cha kutandika juu, hulainisha godoro gumu. Haiwezi kunyoosha godoro lililobonyea. Wengi wanaonunua topa na kujuta walikuwa na tatizo la pili, wakanunua dawa ya tatizo la kwanza.

Kabla ya godoro, mgongo wenyewe

Maumivu yanayoletwa na malazi yana tabia yake. Unalala ukiwa afadhali, unaamka umekakamaa, na ukishaoga na kutembeatembea kidogo mgongo unalegea. Ukisafiri ukalala kwa ndugu, kwenye kitanda kingine, unaamka vizuri. Hapo mshuku kitanda.

Kuna maumivu mengine ambayo hayaulizi umelalia nini. Yakikuamsha kila usiku hata ujigeuze vipi, yakiandamana na homa, jasho la usiku au kukonda, usipoteze fedha dukani, nenda kituo cha afya. Kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo, na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali. Brusela nayo, inayotokana na maziwa mabichi na kushughulika na mifugo, huuma kiuno na viungo kwa namna inayofanana. Kama unaishi ukanda wa wafugaji, kuanzia Mbarara kupitia Nakasongola hadi Karamoja, mwambie daktari unavyokunywa maziwa. Kijana ambaye mgongo umemkakamaa kila asubuhi kwa miezi, zaidi ya nusu saa, na unalegea tu akifanya mazoezi, naye aonwe na daktari. Na ukihisi ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, mguu umelegea, mkojo haushikiki au umekataa kutoka, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, iwe Mulago au iliyo karibu nawe.

Mjamzito aliyefikisha wiki ya 28 asifuate mwongozo huu kwa kulala chali. Yeye alale ubavu.

Hatua ya 1: Kagua kitanda, halafu godoro

Lishushe godoro sakafuni ulale hapo siku tatu nne. Mgongo ukipata nafuu, godoro halina kosa. Kosa liko kwenye chaga.

Vitanda vingi vinavyouzwa kando ya barabara, Nsambya na kwingineko, huja na chaga chache zilizoachana mno, kwa sababu mbao ni pesa na mnunuzi haangalii chini ya godoro. Pima nafasi kati ya ubao na ubao. Ikizidi inchi 3, sponji itazama kwenye mianya hiyo, na mahali pa kwanza kuzama ni pale nyonga inapokaa. Angalia pia kama mbao zimepinda. Chaga za paini mbichi hupinda mapema. Kitanda cha futi 5 kwa 6 au 6 kwa 6 kinahitaji boriti ya katikati yenye mguu unaogusa sakafu. Bila huo, watu wawili wakilala wanateremkiana katikati. Seremala ataongeza chaga nne tano kwa nusu siku, na kwa wengine safari inaishia hapa. Ukiamua kuweka plaiwudi, itobolewe matundu ya kupitisha hewa, la sivyo upande wa chini wa godoro utaota ukungu wa unyevu, hasa kwenye nyumba za karibu na ziwa.

Chaga zikiwa sawa, rudisha godoro, liondolee shuka, kisha nyosha uzi kutoka ukingo hadi ukingo pale unapolazia nyonga. Pima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi kwenye sponji bila kuibonyeza. Bonde la inchi moja na nusu au zaidi, godoro hilo limekwisha. Unaweza kulizungusha, kichwani kuwe miguuni, ukanunua miezi michache, lakini topa juu ya bonde inafuata bonde.

Hatua ya 2: Jaribio la kiganja, na la mablanketi

Lala chali kama unavyolala usiku, miguu imenyooka. Mwombe mtu apitishe kiganja chini ya kiuno chako, pale penye mwinuko wa asili juu ya makalio. Kikipita bila kugusa, kana kwamba kuna daraja, godoro ni gumu mno kwako: uzito wote umebebwa na nyonga na mabega, kiuno kinaning'inia, na misuli yake inafanya kazi usiku kucha. Kikishindwa kuingia kabisa, nyonga imezama na umelala kama aliye kwenye machela. Kikiingia kwa kusukumwa kidogo huku kimegusa pande zote mbili, ugumu huo ndio wako.

Usikimbilie kumlaumu fundi wala kiwanda ukiona ni gumu mno. Nyonga ndiyo sehemu nzito kwa anayelala chali, na miili haifanani. Mwenye makalio makubwa na kiuno chembamba ana pengo kubwa zaidi la kujaza kuliko mtu aliye bapa, hata kama mzani unawapa kilo zilezile.

Kama jibu lilikuwa "gumu mno", jaribu kabla ya kununua. Kunja mablanketi mawili mazito, yatandaze sawasawa chini ya shuka kuanzia mabegani hadi magotini, ulale hivyo wiki moja. Yatasogeasogea na utakerwa, lakini ukiamka umelegea kuliko kawaida, umeshajua kwamba topa itakusaidia, na hujatumia hata shilingi.

Hatua ya 3: Ujue ugumu unaoutafuta

Usiamini namba za ugumu bila kuuliza zinahesabiwa kuanzia wapi. Katika ule utafiti wa Uhispania, kipimo cha Ulaya kilichotumika kilianzia 1, gumu kabisa, hadi 10, laini kabisa. Magodoro magumu yalikuwa 2.3, ya kati 5.6. Wauzaji wengi wa mtandaoni wanahesabu kinyume, 10 ndiyo gumu. Mtu anasoma "sita" huku, ananunua "sita" kule, anapata kitu kingine.

Kwa anayelala chali na mgongo unamuuma, mimi naanzia hapa. Chini ya kilo 60, ugumu wa kati unaoegemea ulaini, na inchi 6 zinatosha. Kati ya kilo 60 na 90, ugumu wa kati unaoegemea ugumu, inchi 6 hadi 8. Zaidi ya kilo 90, godoro gumu lenye unene wa inchi 8 au zaidi, na topa nyembamba juu ikiwa kiganja kinapita. Hayo ni mahali pa kuanzia tu. Kiganja kikisema vingine, fuata kiganja.

Mume wa kilo 90 na mke wa kilo 58 hawawezi kugawana ugumu mmoja wakaridhika wote. Kitanda cha 6 kwa 6 kinaingia magodoro mawili ya 3 kwa 6, kila mtu na lake, yakafungwa pamoja kwa mkanda na kufunikwa shuka moja. Au godoro moja gumu, na topa ya futi 3 upande wa aliye mwepesi. Watu huona aibu kufanya hivyo, sijui kwa nini. Chini ya shuka hakuna anayeona.

Hatua ya 4: Usichanganye ugumu na densiti

Hapa ndipo wateja wengi hupotezwa, mara nyingi na muuzaji ambaye naye amepotezwa. "Mzee, hii ni hai densiti, bonyeza mwenyewe." Unabonyeza, unakuta gumu, unalipa. Lakini densiti ni uzito wa sponji katika mita moja ya ujazo. Ugumu ni nguvu inayohitajika kuibonyeza. Kiwanda kinaweza kutengeneza sponji nzito iliyo laini, na sponji nyepesi iliyo ngumu. Ile nyepesi ngumu ndiyo hatari: dukani inakazana, baada ya miezi michache imelegea pale unapolala, na wewe uko kwenye bonde uliloanza nalo.

Kwa hiyo ugumu chagua kwa mwili, densiti chagua kwa kudumu. Sponji ya chini ya kilo 20 kwa mita ya ujazo naiacha kwa watoto na wageni. Mtu mzima wa wastani atafute 25 na kuendelea, mzito atafute 30 na zaidi.

Lebo isipoonyesha, pima. Chukua futi mara futi mara inchi, gawanya kwa 12 upate futi za ujazo, kisha gawanya kwa 35.3 upate mita za ujazo. Godoro la 5 kwa 6, inchi 8, ni futi za ujazo 20, yaani mita 0.57. Sasa liweke kwenye mzani. Maduka ya nafaka yote yanao ule wa kuning'iniza. Likiwa kilo 16, toa kama kilo moja na nusu za kitambaa, zinabaki 14.5. Gawanya kwa 0.57, unapata kama 25. Likitoka kilo 11, yaani chini ya 17, unajua neno "hai", yaani densiti ya juu, lilikuwa la mdomoni tu.

Mzani nao hudanganywa. Kuna sponji zinazochanganywa na unga wa chokaa ili ziwe nzito. Fungua zipu, sugua sponji kwa kidole gumba: ikitoa unga au ikimeguka kama mkate mkavu, iache. Kisha pigia goti kwa dakika moja na uliondoe. Sponji ya kawaida iliyo nzima inarudi papo hapo.

Ukifungua zipu ukakuta vipande vya rangi rangi vilivyogandishwa pamoja, hiyo ni sponji iliyosagwa na kushindiliwa. Mengi ya magodoro ya "othopediki" ni ya namna hii, au yana tabaka lake katikati. Ni gumu sana na halibonyei upesi, kwa hiyo linamfaa mtu mzito, ila kwa anayelala chali karibu kila mara litahitaji kitu laini juu yake. Magodoro ya springi ni hadithi nyingine: chagua yale ambayo kila springi imo katika mfuko wake, kwa sababu zile zilizofungamanishwa hukuvuta pamoja na mwenzako.

Hatua ya 5: Siku ya kwenda dukani

Nenda mchana, usiwe na njaa wala haraka, na uende na mwenzako wa kitandani. Vaa nguo zinazokuruhusu kujilaza bila wasiwasi.

Dukani magodoro hupangwa moja juu ya jingine, saba nane, na utaambiwa ujaribu la juu. La juu linalalia sponji ya yale mengine, kwa hiyo utaliona laini kuliko lilivyo. Omba lishushwe, liwekwe kwenye kitanda au sakafuni. Muuzaji atanung'unika kidogo. Mpe salamu nzuri na msaidie kulibeba. Vua viatu, lala chali na mto wa kimo unachotumia nyumbani, ukae dakika 15. Kubonyeza kwa kiganja au kukalia ukingo hakukuambii kitu, kwa sababu hulali kwa kiganja. Dakika tano za kwanza mwili unafurahia kupumzika tu, hata ubao ungeupenda. Baada ya kumi ndipo unaanza kusikia mahali panapobana. Mwenzako arudie jaribio la kiganja.

Ukibaki kati ya mawili, chukua lile gumu kidogo. Gumu unaweza kulilainisha kesho kwa topa. Laini huwezi kulikaza. Magodoro ya viwanda vya humu nchini, kama Vitafoam, Crestfoam na Euroflex, nunua kwa wakala anayetoa risiti na angalia lebo na mshono, kwa sababu bidhaa inayotafutwa haikosi kuigwa. Uliza udhamini unasema nini kuhusu kubonyea, si kuhusu kuchanika. Godoro la mtumba, hata likiwa la hoteli, mimi siligusi: limeshajifunza mwili wa mtu mwingine, na kunguni huja nalo.

Hatua ya 6: Topa ipi, na nene kiasi gani

Anayelala chali anahitaji topa ya inchi 2. Inatosha kujaza pengo la kiuno na kupoza nyonga na mabega. Inchi 3 ni za mtu mzito mwenye godoro gumu sana. Zaidi ya hapo nyonga inaanza kuzama, nawe umelipa pesa kurudi kwenye machela. Topa nene ni za wanaolala ubavu.

Memori, ile sponji inayobaki na alama ya mkono, ilianzia kwa Charles Yost katika kazi za NASA mwaka 1966, ikikusudiwa viti vya ndege. Inakumbatia mwinuko wa kiuno vizuri, na ukitafuta, iwe na densiti ya 50 hivi au zaidi. Tabia yake ya kuzingatia hapa kwetu ni kwamba hulainika kwa joto na hukakamaa kwa baridi. Kabale, usiku wa baridi, utaipandia ikiwa kama ubao na kungojea mwili uipashe. Gulu au Arua wakati wa kiangazi italainika kupita ulivyoijaribu dukani, na itakuchemsha. Kwa sehemu za joto, mwenye uwezo atafute lateksi, yaani sponji ya mpira: inapitisha hewa, inasukuma mwili juu badala ya kuumeza, na haijali hali ya hewa. Ni nzito na ni ghali.

Asiyepata vyote viwili aende kwa fundi wa makochi. Mwambie akukatie sponji laini ya inchi 2, kwa kipimo cha kitanda chako, na akushonee foronya ya kitambaa cha pamba. Mwonye asikupe ile ngumu ya kukalia. Topa ya sufi ni tamu wiki za mwanzo, halafu inajikusanya mabonge. Kwa mgongo unaouma haifai.

Hatua ya 7: Mto wa kichwa na mto wa magoti

Mto ulioinuka mno unakisukuma kidevu kifuani na kuvuta uti wote hadi kiunoni. Kichwa kiangalie dari moja kwa moja. Kama mto wako ni wa sufi na umejaa hadi unabingirika, fungua mshono utoe kiasi.

Chini ya magoti weka mto mwingine au blanketi lililoviringwa. Miguu ikinyooka kabisa, misuli inayounganisha mapaja na uti wa kiuno inavuta kiuno juu; magoti yakikunjwa kidogo, inalegea. Jaribu hili leo usiku, kabla ya yote yaliyotangulia. Wengine huishia hapa.

Hatua ya 8: Wiki za kwanza

Toa nailoni. Najua wengi huiacha mwaka mzima ili godoro libaki jipya, lakini nailoni inakutoa jasho, inakuteleza, na inavutwa kama ngozi ya ngoma hivi kwamba ugumu ulioujaribu unapotea. Weka lebo na risiti kwenye bahasha, na ufunike godoro kwa kitambaa cha kawaida.

Ukibandika topa, pima tena chandarua. Chandarua kichomekwe chini ya godoro lenyewe. Kikichomekwa kati ya topa na godoro, usiku topa ikisogea kinafunguka, na malaria nayo huuma mgongo. Kama kimekuwa kifupi kwa unene mpya, teremsha kamba ya juu.

Mwili unahitaji wiki mbili hadi nne kuzoea, na siku za kwanza maumivu yanaweza hata kuhama mahali. Usihukumu kabla. Lakini ukiamka na maumivu makali kuliko ya zamani kwa wiki nzima mfululizo, ondoa topa kwanza ulale bila hiyo, urudie jaribio la kiganja, kisha ndipo uongee na duka.

Anika topa na godoro kivulini penye upepo. Jua kali la mchana huifanya sponji iwe ya manjano na kumeguka. Zungusha godoro, kichwani kuwe miguuni, kila mwezi kwa miezi sita ya kwanza, baadaye kila miezi mitatu, na siku ya kulizungusha pitisha uzi ule ule upime bonde, uandike namba na tarehe nyuma ya risiti.